Sevo ya kilo 20 inayoshindwa na chupa ya maji

Sevo, mota ndogo inayosogeza viungo vya roboti, imeandikwa kilo 20. Umeifunga begani mwa mkono wa roboti, umeushikisha chupa ya maji ya nusu lita, na mkono unanguruma, unatetemeka, kisha unalala mezani. Wengi wakiona hivyo husema wameuziwa feki. Feki zipo, na njia ya kuzigundua ipo hapa chini, lakini hata sevo halali kabisa ingelala vilevile. Kibandiko hakisemi kilo 20 tu. Kinasema kilo 20 kwa sentimita, na kesi yote iko kwenye hayo maneno mawili ya mwisho.

Kwa aliyeko Kigoma kosa hili ni ghali zaidi. Sevo za kujengea roboti kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam, zikaja kwa basi au treni, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Ukikosea ukubwa huwezi kurudi dukani jioni ukabadilishiwa. Afadhali kupoteza karatasi mbili za hesabu kuliko kulipia mzigo mara mbili.

Sevo ni kiboksi chenye vitu vinne ndani: mota ndogo ya umeme, msururu wa gia unaopunguza kasi na kuongeza nguvu, kipimio kinachojua ekseli (mhimili unaozunguka) imefika nyuzi ngapi, na sakiti inayolinganisha mahali ekseli ilipo na mahali ulipoiamuru iwe. Waya zake ni tatu. Kahawia au nyeusi ni hasi, nyekundu ni chanya, na ya chungwa au njano ni ya ishara. Ishara yenyewe ni mipigo mifupi ya umeme, kama 50 kwa sekunde, na urefu wa kila mpigo ndio amri: milisekunde 1.5 maana yake kaa katikati. Ukiiambia nenda nyuzi 90, inakwenda, halafu inabaki pale ikiing'ang'ania nafasi hiyo. Kwa hiyo hata mkono unapoonekana umetulia, sevo ya begani ipo kazini.

Jembe linaeleza yote

Chukua jembe. Likamate karibu na bati, linyooshe mbele yako: si kitu. Sasa likamate mwisho wa mpini, ulinyooshe vilevile. Kiganja kinapinda, bati linatafuta ardhi. Uzito wa jembe haujaongezeka hata gramu moja. Kilichoongezeka ni umbali kati ya bati na kifundo cha mkono wako. Waliosoma mashine rahisi shule ya msingi wanalijua somo hili kwa jina la nyenzo: kuna egemeo, kuna mzigo, kuna jitihada, na unachopambana nacho ni mzigo mara umbali wake kutoka kwenye egemeo.

Kwenye roboti egemeo ni ekseli ya sevo. Kilo 20 kwa sentimita (kwenye kibandiko huandikwa kg.cm) maana yake ni kilo 20 zikining'inia sentimita 1 tu kutoka kwenye ekseli. Peleka mzigo sentimita 10, zinabaki kilo 2. Sentimita 20, kilo 1. Sentimita 32, ambao ni urefu wa kawaida tu wa mkono wa mezani, zinabaki gramu 625. Na hapo bado hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Ukikuta muuzaji ameandika nyutoni-mita, zidisha kwa 10 upate kilo kwa sentimita. Hesabu kamili ni 10.2, lakini kwa kazi hii 10 inatosha.

Umbali unaohesabika ni ule wa kulala, si urefu wa mkono wenyewe. Fikiria jua liko utosini: urefu wa kivuli cha mkono ndio umbali wako. Mkono ukisimama wima kivuli kinakuwa kidogo sana na sevo inapumzika. Ukiinuka nyuzi 60 kutoka usawa wa meza, kivuli ni nusu. Ukinyooka sambamba na meza, kivuli ni chote, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Tunapiga hesabu kwa hali hiyo tu. Mkono ukiiweza, nyingine zote zitafuata.

Mkono unajibeba wenyewe kwanza

Tuchukue mkono mmoja tuufanyie kazi mpaka mwisho. Una bega, kiwiko, kifundo cha mkono na koleo la kushikia. Mfupa wa juu, kutoka bega hadi kiwiko, ni sentimita 12 na una gramu 40. Mfupa wa chini, kutoka kiwiko hadi kifundo, ni sentimita 12 pia, gramu 30. Koleo pamoja na sevo yake ndogo ni gramu 60, na linashika kitu sentimita 8 mbele ya kifundo. Kiwikoni pana sevo ya MG996R, gramu 55. Kwenye kifundo pana MG90S, tuseme gramu 14. Tunataka kuinua gramu 100, kama limau moja kubwa.

Uzito wa mfupa huhesabiwa katikati yake, si mwisho. Sasa tujumlishe begani, kilo mara sentimita:

Mfupa wa juu: 0.040 × 6 = 0.24
Sevo ya kiwiko: 0.055 × 12 = 0.66
Mfupa wa chini: 0.030 × 18 = 0.54
Sevo ya kifundo: 0.014 × 24 = 0.34
Koleo: 0.060 × 28 = 1.68
Limau: 0.100 × 32 = 3.20

Jumla ni 6.66, tuseme 6.7. Angalia kilicho ndani ya jumla hiyo: limau ni chini ya nusu. Takriban 3.5 ni mkono unajibeba wenyewe, kabla hujaupa kazi yoyote. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, maana wanapima mzigo na kusahau mbebaji.

Kiwiko kinafanyiwa hivyohivyo, ila umbali unaanzia kiwikoni na vilivyo nyuma yake havihesabiwi: 0.18 ya mfupa, 0.17 ya sevo ya kifundo, 0.96 ya koleo na 2.00 ya limau. Jumla 3.3. Kifundo kinabaki na koleo na limau tu, karibu 1.04.

Sasa turudi kwenye ile chupa. Nusu lita ya maji ni gramu 500, na plastiki yake tuipe gramu 15. Mara sentimita 32 ni 16.5. Ongeza 3.5 za mkono, unapata 20. Sevo ya kilo 20 imefika ukomo wake kamili, haina hata punje ya ziada. Na kabla bega halijakata tamaa, kiwiko tayari kimeshindwa, kwa sababu kinadaiwa 11.6 ilhali MG996R imeandikwa 11. Hakuna aliyeuziwa feki hapo.

Namba ya kibandiko ni ya kukwama

Namba kubwa iliyoandikwa ni nguvu ya sevo wakati imekwama, pale inaposukuma kwa uwezo wake wote na haisogei tena. Si nguvu ya kufanyia kazi. Mota inapozunguka, mzunguko wenyewe unazuia umeme usiingie kwa wingi. Ikikwama, kizuizi hicho hakipo: umeme unaingia wote na unageuka kuwa joto. Ni kama pikipiki iliyozama kwenye mchanga na dereva anaendelea kuvuta mafuta huku klachi inateleza. Harufu inaanza kabla ya mwendo. Sevo ndogo ikiachwa imekwama inaweza kuungua kwa muda mfupi tu.

Kwa hiyo chukua ulichohesabu, zidisha kwa 2 kama kima cha chini, na kwa 3 kwenye bega na kiwiko. Ziada hiyo si anasa. Inaliwa na msuguano wa viungo, na umeme kupungua njiani, na kubwa zaidi, na mwendo: mkono unapoanza kuinuka ghafla, sevo haibebi uzito tu, inausukuma pia uongeze kasi. Nani amewahi kunyanyua ndoo ya maji kwa mshtuko asiijue tofauti hiyo?

Mkono wetu basi unapangika hivi. Bega linadaiwa 6.7, mara 3 ni 20, hivyo ni sevo ya daraja la kilo 20, kama DS3218, ambayo hutoa karibu 19 kwa volti 5 na kupita 20 kidogo kwa volti 6.8. Kiwiko, 3.3 mara 3 ni kama 10: MG996R, ambayo imeandikwa 9.4 kwa volti 4.8 na 11 kwa volti 6. Kifundo ni 1.04, na MG90S inatoa 1.8 kwa volti 4.8 au 2.2 kwa volti 6. Hiyo iko ukingoni. Inakubalika kwa limau, haikubaliki kwa kitu kizito zaidi.

Hapa huja wazo linaloonekana la busara: basi tuweke MG996R kila mahali, tuwe salama. Hesabu inakataa. MG996R moja kwenye kifundo badala ya MG90S inaongeza gramu 41 kwenye sentimita 24, na nyingine kwenye koleo inaongeza gramu 41 kwenye sentimita 28. Bega linapanda kutoka 6.7 hadi 8.8. Umetumia pesa zaidi na umepoteza uwezo wa kuinua kama gramu 66 kule mbele. Uzito ukae karibu na bega. Mbele pawe pepesi kadiri inavyowezekana.

Gia za chuma nazo zina sifa isiyo yake. SG90 ya gia za plastiki na MG90S ya gia za chuma zote zimeandikwa 1.8 kwa volti 4.8. Chuma kinafanya meno yasinyofoke mkono ukigonga kitu, hakiongezi nguvu. Nunua chuma kwa ajili ya uhai wa sevo, ukijua hivyo. Sevo za dijitali pia hazina nguvu zaidi kwa jina lao hilo. Zinarekebisha nafasi mara nyingi zaidi kwa sekunde, hivyo zinashika imara na hula umeme zaidi.

Na sevo ya chini kabisa, inayozungusha mkono wote kulia na kushoto, watu huipa kubwa kuliko zote kwa sababu "inabeba kila kitu". Haiinui chochote. Inazungusha tu, na MG996R inaitosha. Shida yake ni nyingine: uzito wote ukiikalia ekseli na kuiyumbisha, ekseli inapinda na gia zinakwaruzana. Weka beringi pana chini ya sahani inayozunguka, ili beringi ibebe na sevo izungushe. Beringi iliyotolewa kwenye baiskeli inafaa ukiipatia kikalio kizuri.

Anayelaumiwa ni sevo, mwenye kosa ni umeme

Mkono ukitetemeka, usikimbilie kuagiza sevo kubwa. MG996R ikikwama kwa volti 6 huvuta ampia 2.5. Ile ya begani ihesabie kama 3, ndogo kama 0.7 kila moja. Mkono wetu wote, sevo tano, ukikwama kwa pamoja unataka kati ya ampia 9 na 10. Haukwami wote kwa mara moja, lakini ampia 5 ni kima cha chini na 10 ni raha. Linganisha na chaja ya simu ya ampia 2, au na tundu la USB la kompyuta linalolisha Arduino (bodi ndogo inayozipa sevo amri), ambalo kwa kawaida ni nusu ampia. Ukichomeka sevo ya begani kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, inapoanza kuinua, volti inaporomoka, bodi inazimika na kuwaka upya, sevo zote zinaruka kwenye nafasi ya mwanzo, na wewe unadhani programu ina tatizo.

Chanzo cha bei nafuu ni pawa saplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa. Waya nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, na mstari huo wa volti 5 mara nyingi unatoa ampia nyingi kuliko unavyohitaji. Soma kibandiko chake. Ili iwake bila kompyuta, unganisha waya ya kijani na nyeusi moja. Usilifungue boksi lenyewe, ndani pana umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa.

Pasipo na umeme wa uhakika, betri ya volti 12, ya pikipiki au ya sola, inafanya kazi ukipitisha kwenye kishusha volti. Chagua kishushaji kwa ampia, si kwa bei: kile kidogo cha LM2596 kimeandikwa ampia 3 na kinachemka kabla ya kufika huko. Lipe bega kishushaji chake peke yake. Seli mbili za betri ya laptopu zilizounganishwa kwa mfuatano zinavutia, lakini zikijaa zinafika volti 8.4, na MG996R haitakiwi kuzidi 7.2.

Vyanzo vikiwa viwili, waya hasi wa sevo na hasi wa Arduino lazima ziungane. Zisipoungana, ishara haina pa kurudi na sevo zinacheza ngoma ovyo. Waya nyembamba za majaribio nazo zinakula volti: njia yenye ukinzani wa omu 0.2 tu, ikipitisha ampia 5, inapoteza volti 1 nzima. Tumia waya nene kwa chanya na hasi. Nyembamba ziachie ishara. Kapasita (kihifadhi umeme cha muda mfupi) ya maikrofaradi 1,000 karibu na sevo inasaidia ule mvuto wa ghafla. Angalia upande wa hasi kabla hujaiunga.

Njia fupi ya kutambua: sevo inayotetemeka bila mzigo wowote ina tatizo la umeme au ishara. Inayonguruma na kushuka taratibu chini ya mzigo imezidiwa. Inayotoa mlio wa kukatika, huku ekseli ikiruka, imenyofoka jino. Inayonguruma ikifika mwisho wa mzunguko haijazidiwa. Umeiamuru iende isikofika. Sevo nyingi za bei ndogo hazimalizi nyuzi 180, kwa hiyo programu ibaki kati ya 10 na 170.

Kuipima kwa maji

Mililita 1 ya maji ni gramu 1, na hiyo inakupa maabara. Funga kijiti kigumu kwenye ekseli ya sevo, pima sentimita 10 kamili kutoka katikati ya ekseli, toboa, ning'iniza mfuko. Ibane sevo imara ukingoni mwa meza. Kwa umbali huo kila mililita 100 ni kilo 1 kwa sentimita, ukiweka kando uzito wa kijiti na mfuko. Weka maji, iamuru iinue kutoka nyuzi 20 chini ya usawa hadi usawa, ishushe, ongeza mililita 100, rudia. Inapokataa, kata umeme papo hapo, usiiachie ikinguruma hata sekunde mbili. MG996R inayokataa kwenye mililita 600 umeme ukiwa volti 6 si ile iliyoandikwa, na hesabu yako iende na 6, si 11.

Vipande vidogo ambavyo mizani ya dukani haivioni, vipime kwa rula iliyolazwa juu ya kalamu: kipande upande mmoja, kikombe chepesi upande wa pili kwa umbali uleule, na bomba la sindano la mililita 5 la kuongezea maji mpaka rula ilale sawa. Uzito wa kikombe ujumlishe na maji.

Hesabu ikigoma

Kabla ya kuagiza kubwa zaidi, punguza mkono. Ukikata sentimita 3 kila mfupa, limau linakuwa sentimita 26 na vyote vilivyo mbele vinasogea nalo. Njia ya pili ni mpira: ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo kwenye keria, uvutwe kutoka nyuma ya kitako cha roboti hadi juu ya mfupa wa juu. Urekebishe hadi mkono mtupu, umeme ukiwa umezimwa, ukaribie kuelea wenyewe ukinyooka. Sehemu kubwa ya zile 3.5 za kujibeba inaondoka, na sevo inabaki na limau tu. Uzito wa kusawazisha nyuma ya bega nao unafanya kazi, ila ni mzito: gramu 290 kwenye sentimita 6 zinaondoa 1.7 tu, na beringi ya chini inazibeba zote.

Sevo mbili begani, moja kila upande, zinaongeza nguvu karibu maradufu. Kwa kuwa zimeangaliana, moja ikipewa nyuzi 60 nyingine ipewe 120. Zikipishana nyuzi chache tu zinapigana zenyewe kwa zenyewe na kuchemka mkono ukiwa mtupu.

Koleo likiteleza, ongeza mpira mdomoni kabla ya kuongeza sevo. Tyubu ileile ya baiskeli, vipande viwili na gundi.

Katika kuagiza, andika nyuzi unazotaka. Zile za 360 huzunguka bila kikomo na hazijui ziko wapi. Hazifai kwenye mkono hata kidogo. DS3218 inauzwa ya nyuzi 180 na ya nyuzi 270, na zinafanana kwa sura. Ya 270 ukiiamuru 90 kwa programu ya 180, inakwenda 135. Zikifika, kabla ya kufunga mfupa wowote kwenye ekseli, washa sevo ikiwa tupu, ipeleke 90, ndipo uvike mfupa ukiwa katikati ya safari yake na ukaze skrubu.